Kwa Nini Makala ya Kitaaluma Huhakikiwa

Kabla ya kuchapishwa, makala ya kitaaluma hupelekwa kwa wataalamu wa fani ileile, mara nyingi bila jina la mwandishi, ili wapime hoja na ushahidi wake. Mwaka 1996 jarida la Marekani liitwalo Social Text lilichapisha makala ya mwanafizikia Alan Sokal. Kisha mwenyewe akatangaza kwamba aliyajaza upuuzi makusudi. Wahariri hawakuwa wameyapeleka kwa mwanafizikia yeyote: walimwamini. Sokal naye alilaumiwa kwa hila hiyo, maana hata uhakiki hutegemea uaminifu wa mwandishi. Pale ambapo mhariri na mwandishi hufahamiana, hatari huzidi. Kuyapeleka makala ya mwenzetu kwa mhakiki wa nje si kumvunjia heshima. Ni kumkinga yeye pamoja na msomaji.