KAZI YA KEDI HUANZA KABLA YA MPIRA KUPIGWA

Watu wengi waonapo vijana wakifuatana na wachezaji katika viwanja vya gofu hudhani ya kuwa kazi yao ni kubeba mzigo tu. Sivyo. Kanuni za mchezo humhesabu kedi, yaani mchukuzi wa mfuko, kuwa kama mkono wa mchezaji mwenyewe. Kedi akivunja kanuni, adhabu humwangukia mchezaji.

Kwa sababu hiyo kijana aanzaye kazi hii yampasa kufika kiwanjani mapema, azitoe fimbo mfukoni na kuzihesabu moja moja. Mchezaji haruhusiwi kuanza na fimbo zaidi ya 14. Ikizidi moja, katika mashindano ya kuhesabu mapigo huongezewa mapigo 2 kwa kila shimo alilocheza akiwa nayo, ila adhabu yote haizidi mapigo 4. Zikipungua, si kosa.

Mwaka 2001, siku ya mwisho ya mashindano makubwa ya Uingereza kule Royal Lytham, Ian Woosnam wa Wales alikuwa miongoni mwa walioongoza. Shimo la kwanza alilimaliza kwa mapigo 2 tu. Walipofika mahali pa kuanzia shimo la pili, kedi wake akaona kwamba mfukoni mna fimbo 15. Mapigo 2 yakawa 4, na Woosnam akaitupa fimbo ile chini kwa hasira. Hatimaye alishika nafasi ya tatu pamoja na wengine. Hata hivyo hakumfukuza kedi huyo. Kazi ilimtoka majuma machache baadaye, alipopitiwa na usingizi hata saa ya kuanza ikawadia naye hayupo.

Fimbo zikisha kuhesabiwa, alowanishe upande mmoja wa taulo kwa kufutia mipira, na upande wa pili auache mkavu. Mwavuli usisahauliwe, hasa wakati wa masika. Jambo lifaalo zaidi ni kuuzunguka uwanja kwa miguu siku ya kabla, akihesabu hatua toka mti fulani hadi kwenye nyasi fupi zenye shimo. Aliyejifunzia Mombasa na ajue kwamba Nairobi hewa ni nyepesi, na mpira huenda mbali zaidi kwa fimbo ile ile.

Tena ajifunze mahali pa kusimama. Tangu mwaka 2019 kedi amekatazwa kusimama kwa makusudi nyuma ya mpira, katika mstari wa shabaha, mchezaji anapoanza kujipanga. Mwaka huo huo muda wa kutafuta mpira uliopotea ulipunguzwa toka dakika 5 hadi 3, basi macho yake yaufuate mpira mpaka utulie.

Mwisho, kabla ya pigo la kwanza, amwulize mchezaji mpira wake una namba gani na alama gani. Mipira miwili ikilala karibu majanini, mchezaji akaupiga usio wake, huongezewa mapigo 2.