V-Max Kuukuu: Kilomita Chache Zisikulaghai

Bodaboda nyingi za mitaani kwetu zina injini ya sentimita za ujazo 100 hadi 150. Yamaha V-Max ya kwanza, iliyotoka mwaka 1985, ina 1,198, silinda nne kwa umbo la V, na ile iliyouzwa Marekani ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 145. Iliendelea kuuzwa hadi 2007, hivyo Marekani na Ulaya bado zinapatikana za kila umri.

Tangazo linalowavuta wengi ni la pikipiki iliyotembea kidogo na kulala gereji miaka. Mimi hilo ningelipita. Petroli iliyolala huacha utando ndani ya kabureta, na hapa kabureta ni nne; kuzishusha, kuzisafisha na kuzilinganisha upya si kazi ya asubuhi moja. Tangi nalo liko chini ya kiti (kile kinachoonekana kama tangi pale mbele ni kifuniko tu), kwa hiyo kutu haionekani kirahisi. Nenda na tochi. Afadhali iliyotembea sana mikononi mwa mtu anayebadilisha oili kwa wakati.

Fika injini ikiwa ya baridi, na umwombe muuzaji asiiwashe kabla yako. Ukifungua swichi, sikiliza kimota kidogo kikizunguka: hicho ndicho cha V-Boost, vali zinazoanza kufunguka injini ikikaribia mizunguko 6,000 kwa dakika, ili kila silinda ivute kutoka kabureta mbili. Baadhi ya zilizouzwa Ulaya hazikuwa nayo, kwa hiyo usikubali kulipia farasi 145 kwa kusikia jina tu.

Kisha gia ya pili. Huu ndio ugonjwa wake unaojulikana, hasa kwa zilizozoea mashindano ya taa za barabarani. Injini ikishapata moto, ingiza ya pili, anzia mwendo mdogo, kisha vuta mafuta kwa nguvu. Ikichomoka, ujue injini itashushwa na kupasuliwa katikati. Bei ishuke kiasi hicho, au uondoke.

Shafti ya nyuma haisumbui sana. Ukiweza kuchagua, tafuta ya 1993 kuja huku: mabomba ya shokapu za mbele yalinenepeshwa kutoka milimita 40 hadi 43, na kwenye kona za kasi, mahali ambapo V-Max haikuwahi kusifiwa, mikono itaisikia tofauti hiyo.