Mzigo, Mlima na Mapigo ya Moyo

Tuseme wanawake wawili wanapanda kijia kimoja kuelekea soko la Lushoto, kila mmoja akiwa na ngata kichwani na kilo 20 za viazi juu yake. Mmoja ana uzito wa kilo 50, mwenzake kilo 70. Wakifika sokoni pamoja, mtazamaji atasema nguvu zao ni sawa. Mtaalamu wa fiziolojia hatakubali upesi, kwa kuwa mzigo huo ni asilimia 40 ya uzito wa yule wa kwanza, ilhali kwa mwenzake haufiki asilimia 29.

Huo ndio msingi wa kupima ustahimilivu wa moyo na mapafu, yaani uwezo wa mwili kuvuta oksijeni, kuisafirisha kwa damu na kuitumia misulini. Kipimo chake ni mililita za oksijeni kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa dakika moja.

Mwaka 1986, Maloiy na wenzake walichapisha katika jarida la Nature matokeo ya vipimo vya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya, waliotembea na mizigo huku oksijeni waliyoitumia ikipimwa. Ilionekana kuwa mzigo usiozidi asilimia 20 ya uzito wa mbebaji haukuongeza matumizi ya oksijeni. Uliozidi kiwango hicho ndio ulioyaongeza. Utafiti uliofanywa baadaye Afrika Kusini haukuuona unafuu huo kwa wabebaji wote, bali tofauti kubwa kati ya mtu na mtu.

Hata hivyo, kutembea mahali tambarare si sawa na kupanda mlima. Mpandaji huuinua mwili wake mwenyewe, na huo ndio mzigo wake wa kwanza. Jaribio la kipandio hutumia kanuni hiyo. Mtu hupanda na kushuka kipandio chenye kimo cha sentimita 30, mara 20 kwa dakika, kwa dakika tatu. Mwenye kilo 50 hufanya kazi ya kupanda ya wati 49, na mwenye kilo 70 wati 69. Lakini kwa kila kilo ya mwili wote wawili huhitaji takriban mililita 22 za oksijeni kwa dakika. Kila mmoja amepewa mzigo unaolingana na umbo lake, bila mashine ya gharama. Kinachobaki ni kuhesabu mapigo ya moyo. Kwa watu wa umri mmoja, yule ambaye mapigo yake ni machache kwa kawaida ndiye mwenye akiba kubwa zaidi.

Hesabu hiyo yahitaji uangalifu. Mji wa Lushoto uko takriban mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, ambako kila pumzi ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 15 kuliko pwani. Mgeni aliyetoka Tanga asubuhi hiyo asilinganishwe na mwenyeji. Joto, homa na hofu huongeza mapigo, na baadhi ya dawa za shinikizo la damu huyapunguza. Mwenye maumivu ya kifua au kizunguzungu asipimwe kabla ya kuonwa na daktari.

Manufaa makubwa ya jaribio hili ni kumlinganisha mtu na nafsi yake. Mwanamke anayeanza kutweta kwenye mteremko aliouzoea huambiwa kuwa ni umri, au kwamba amekuwa mvivu. Ikiwa kipandio kilekile, kwa mwendo uleule, sasa kinampandishia mapigo kuliko mwaka uliopita, huenda damu yake imepungua au moyo wake umeanza kudhoofika. Kabla ya kulaumiwa, apimwe wingi wa damu, na moyo wake usikilizwe.