Watoto Wawili wa Otisimu, Kila Mumoja na Haja Yake

Mama, unatwanga sombe. Mutoto mukubwa anaziba masikio, analia, anakimbia. Mudogo wake anakuja karibu, anapiga kinu, anaruka-ruka. Wote wawili wana otisimu. Sababu gani hawafanani?

Otisimu ni namna ubongo unavyokua. Inaanza mbele ya kuzaliwa. Si ulozi, wala si kosa lako. Kati ya wadogo 100 wanaofuata mutoto mwenye otisimu, karibu 20 wanakuwa nayo pia. Lakini mumoja anasikia kelele ya kinu kama radi katika kichwa. Mwengine anatafuta kishindo ndani ya mwili, ndipo anatulia.

Ufanye nini?

1. Umwambie mukubwa mbele ya kutwanga. Akae pahali pa kimya nyuma ya nyumba, pamoja na mutu wa kumuchunga.
2. Umupe mudogo kazi ya nguvu: atwange nawe, abebe maji kidogo.
3. Hapana kumupiga anayelia. Si kiburi, anateseka.

Kumupa kila mutoto haja yake si upendeleo. Uwalete wote wawili kwenye kiliniki, tupime na masikio yao.