Kinachoingia Mtungini Upepo Unapogeuka

Mtungi wa kawaida wa kupigia mbizi, ule wa alumini wanaokodishiwa wageni Nungwi, Mafia au Watamu, una ujazo wa lita 11 hivi. Kompresa huishindilia hewa humo mpaka ifike bar 200, kwa hiyo zaidi ya lita 2,000 za hewa ya nje hubanwa ndani ya chombo ambacho kijana hukibeba begani bila taabu. Hewa yenyewe haitoki kiwandani. Inavutwa palepale kompresa ilipofungwa: nyuma ya banda, jirani na jenereta, mara nyingine hatua chache kutoka boti zinapowashiwa injini. Kilichokuwa kikielea pale wakati wa kujaza ndicho atakachokivuta mpiga mbizi kesho yake, akiwa mita 30 chini ya maji.

Katika vyote vinavyoweza kuingia humo, cha kuogopwa zaidi ni kaboni monoksidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani madirisha yakiwa yamefungwa. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Wapo waongozaji wanaofungua vali kidogo, wakanusa, wakaridhika. Kunusa si kazi bure, maana mtungi unaonuka mafuta au mpira ulioungua urudishwe bila mjadala. Lakini mtungi usionuka kitu haujathibitisha lolote.

Ubaya wa gesi hii uko kwenye damu. Himoglobini, ambayo kazi yake ni kubeba oksijeni, huishika kaboni monoksidi kwa nguvu inayozidi ile ya kushika oksijeni zaidi ya mara 200. Kiasi kidogo tu hewani kinatosha kuziteka nafasi nyingi za oksijeni, na zikishatekwa haziachiwi upesi.

Aliyetufumbua macho zaidi hapa ni mwanasayansi wa Uskoti, John Scott Haldane. Mwaka 1896 mgodi wa makaa ya mawe ulilipuka Tylorstown, Wales, wakafa watu 57. Haldane alichunguza vifo vile akaonyesha kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko bali na kaboni monoksidi iliyoufuata. Kutokana na ushauri wake wachimbaji walianza kushuka na ndege wadogo, wanaozidiwa na gesi kabla ya binadamu, na desturi hiyo ilidumu Uingereza hadi 1986. Haldane huyohuyo, akiwa na wenzake wawili, alitoa mwaka 1908 majedwali ya kumpandisha mzamiaji kwa hatua ili asipatwe na maradhi ya mgandamizo. Kwa mpiga mbizi wa leo, hata hivyo, naona jaribio lake lenye uzito zaidi ni lile la panya, la mwaka 1895. Alimweka panya ndani ya chombo chenye kaboni monoksidi nyingi pamoja na oksijeni iliyobanwa kwa mgandamizo wa angahewa 2. Himoglobini ya panya ilikuwa imetekwa, lakini hakufa. Oksijeni ilikuwa nyingi kiasi kwamba ile iliyoyeyuka kwenye majimaji ya damu ilimtosha kuishi.

Sasa mpeleke panya huyo baharini. Mita 30 chini, mgandamizo ni mara nne ya ule wa juu. Mtungi wenye kaboni monoksidi sehemu 20 kwa milioni unamfikia mzamiaji kwa nguvu ya sehemu 80, kiwango kinachozidi sehemu 50 ambazo sheria ya Marekani inaziweka kuwa kikomo kwa mfanyakazi wa saa nane. Wakati huohuo oksijeni nayo imeongezeka mara nne, na sehemu yake iliyoyeyuka kwenye damu inamsaidia asihisi upungufu. Anaweza kutazama kasa akidhani yu mzima. Anapoanza kupanda, msaada ule unapungua kila mita, ilhali gesi iliyonata kwenye himoglobini bado ipo. Ndiyo maana mtu anaweza kuzimia njiani akipanda, au akiwa ameshika ngazi ya boti.

Inaingiaje? Njia ya kwanza ni moshi wa injini. Kompresa ya petroli au dizeli ina bomba la kuvutia hewa, na mwenye busara hulielekeza kule upepo unakotoka. Hapa kwetu pana mtego ambao vitabu vya Ulaya haviutaji: upepo wetu una misimu. Bomba lililowekwa vizuri Januari, kaskazi ikivuma, litakuwa linameza moshi wa ekzosi Julai, kusi ikishika. Wakati wa tanga mbili, upepo ukiwa haujaamua, moshi hutanda tu bandani. Kwa sababu hiyo siupi uzito mkubwa mno ule waraka wa maabara unaobandikwa ukutani. Unasema kweli, ila kweli ya siku ile sampuli ilipochukuliwa.

Njia ya pili huwashangaza wengi, kwani hutokea hata kompresa ikiwa ya umeme. Mashine ikichemka kupita kiasi, ikiwa na pete za pistoni zilizochakaa au chujio la kuvutia hewa lililoziba, mafuta yake ya kulainishia huanza kuungua ndani kwa ndani na kutoa gesi ileile. Mkaa ulio kwenye machujio hunasa mvuke wa mafuta, lakini kaboni monoksidi hupita. Inahitajika dawa maalumu ya oksidi za manganisi na shaba, inayoigeuza kuwa kaboni dioksidi, nayo ikipata unyevu huacha kufanya kazi.

Kwa hiyo kilichobaki ni kupima, tena kila mtungi, kwa sababu mitungi kumi iliyo kwenye boti moja haikujazwa dakika moja. Kipimo chenyewe hutosha mfukoni. Unakiwasha mahali penye hewa safi, mbali na injini ya boti, usubiri kisome sifuri. Kisha unafungua vali kidogo sana, hewa ipite taratibu juu ya kitambuzi, na baada ya dakika moja hivi namba imetulia. Kitambuzi huchakaa, hivyo hutakiwa kurekebishwa kwa gesi yenye kiwango kinachojulikana. Ukiwa safarini huna gesi hiyo, mwombe mvuta sigara akipulizie: pumzi yake mara nyingi ina kaboni monoksidi ya kutosha kuisogeza namba. Hiyo haikwambii kipimo ni sahihi, inakwambia tu hakijafa. Wala usikichanganye na kile cha kupimia oksijeni kwenye hewa iliyoongezwa oksijeni. Hicho hakijui lolote kuhusu gesi hii.

Kanuni za Ulaya huruhusu sehemu 5 kwa milioni. Kiwango kinachotumiwa sana Marekani huruhusu 10. Mimi nikiona 5 nauacha mtungi. Najua mgeni anayetoa kipimo mbele ya mwenyeji huonekana kama anamtuhumu. Njia rahisi ni kumwomba mwongozaji apime pamoja nawe, na mtungi wake awe wa kwanza.

Mtu akipanda akiwa na maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu, watu huwahi kusema ni mawimbi au jua. Wakiwa wawili au watatu waliojaziwa mitungi pamoja, shukuni hewa kwanza. Kipima oksijeni cha kidoleni kitawadanganya, maana huisoma himoglobini iliyotekwa kana kwamba imebeba oksijeni. Mpeni mgonjwa oksijeni safi na kumkimbiza hospitali: katika hewa ya kawaida, nusu ya gesi huchukua saa 4 hadi 6 kutoka kwenye damu, kwa oksijeni safi ni saa moja na ushei. Mtungi wake usimwagwe hewa. Ufungwe vali, uandikwe saa na kina alichofika, uwekwe kando hadi upimwe, na mingine yote iliyojazwa siku ile ishushwe botini.