Utundu wa Paka Wadogo na Jinsi ya Kukaa Nao Nyumbani

Watu wengi hufuga paka, lakini ni wachache wanaojiuliza kwa nini paka mdogo ni mtundu kiasi kile. Wengine humpiga, wengine humfukuza, na wengine huwatia watoto wa paka katika gunia na kwenda kuwatupa mbali. Nimeona yafaa niwaeleze wasomaji wa gazeti letu mambo niliyoyaona na kujifunza juu ya wanyama hawa, maana nimekaa nao likizo nne mfululizo katika nchi ya Burundi, ambako baba yangu anafanya kazi. Kwanza jamaa zetu walikaa Gitega, mji ambao tangu mwaka 2019 ndio mji mkuu wa kisiasa wa nchi hiyo. Baadaye wakahamia Muyinga, upande wa kaskazini-mashariki, si mbali na mpaka wa Tanzania.

Kwanza yafaa tujue asili ya paka. Wataalamu waliochunguza damu na nasaba za paka walionyesha mwaka 2007 kwamba paka wote wa nyumbani wametokana na paka pori wa Afrika na Asia ya Magharibi. Katika kisiwa cha Kupro lilifukuliwa kaburi la kale, lenye umri wa miaka 9,500 hivi, na ndani yake mtu amezikwa pamoja na paka. Basi urafiki huu si wa jana. Ulianza watu walipoanza kulima na kuweka nafaka ghalani. Nafaka ilileta panya, na panya wakamleta paka. Hakuna aliyemkamata kwa kamba. Alikuja mwenyewe kwa faida yake, akakaa.

Ndivyo ilivyo Burundi hata leo. Watu wa huko hula maharagwe karibu kila siku, na baada ya mavuno ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa sita magunia hujaa nyumbani. Panya nao hawalali. Warundi humwita paka “akayabu”, na jina hilo lina alama ya udogo, kama sisi tunavyosema “kijitu” au “kitoto”. Lakini kinyama hiki kidogo hulinda chakula cha nyumba nzima.

Paka wetu alizaa Gitega, nyuma ya magunia, watoto watatu. Paka huchukua mimba siku 63 hadi 65 hivi. Watoto wake huzaliwa vipofu na viziwi, na macho hufumbuka kati ya siku ya saba na ya kumi na nne. Wote huwa na macho ya rangi ya buluu mwanzoni, kisha rangi hubadilika. Tangu juma la pili hadi la saba ndio wakati ambapo moyo wa paka hufunguka kwa watu. Akishikwa kwa upole siku hizo, atakuwa mpole maisha yake yote. Asiposhikwa, atabaki nusu mwitu. Wahenga walisema, “Samaki mkunje angali mbichi,” nao hawakukosea.

Tuliwapa majina kwa tabia zao. Mmoja tulimwita Karani, kwa kuwa nilipofungua daftari alikuja kuketi juu yake. Wa pili tulimwita Mpagazi, kwa sababu alibeba soksi na vitambaa akavipeleka chini ya kitanda. Wa tatu alikuwa Sultani, ambaye hakufanya kazi yoyote. Huyo tulimpa jirani mwenye duka la mchele alipotimiza miezi mitatu.

Sasa nieleze utundu wenyewe na sababu zake.

Jambo la kwanza ni kurukia miguu ya watu. Mtu akipita, paka mdogo hujificha nyuma ya mlango, hutikisa kiuno, kisha huruka na kuuma kisigino. Hii si chuki, bali ni masomo. Anajifunza kuvizia na kukamata, na mguu wako ndio panya wake wa kwanza. Ukimpiga, ataogopa mkono wako, lakini hataacha kuwinda. Dawa yake ni kumpa kitu kingine: kamba yenye gunzi la hindi mwishoni, au mpira wa matambara. Na usimchezee kwa vidole vyako, maana utamfundisha kwamba vidole ni mawindo.

Jambo la pili ni kukimbia usiku. Paka hulala saa 12 hadi 16 kwa siku, na huamka hasa jioni na alfajiri, wakati panya wanapotoka. Tuliona kwamba tukimchezesha jioni mpaka achoke, kisha tukampa chakula, alilala mpaka asubuhi nasi tukalala.

Jambo la tatu ni wizi wa ndagala, yaani dagaa wakavu wa Ziwa Tanganyika. Paka hawezi kuonja utamu wa sukari, kwa hiyo ndizi mbivu zilikaa mezani bila kuguswa. Lakini ndagala aliwanusa hata ndani ya mfuko uliofungwa. Tena anawahitaji kweli: mwili wake hauwezi kukaa bila kitu kiitwacho taurini, kipatikanacho katika nyama na samaki. Akikikosa siku nyingi, huweza kupofuka au kuugua moyo. Kwa hiyo anayempa paka ugali mtupu asishangae akiibiwa. Maziwa ya ng'ombe nayo huwaharisha paka wengi. Vitunguu humharibu damu, na kidonge kimoja cha parasetamo chatosha kumwua.

Jambo la nne ndilo lililokuwa zito kwetu, nalo ni vyandarua. Kucha za paka mdogo ni kama ndoana; hupanda upesi, lakini hajui kushuka. Karani na Mpagazi walipanda chandarua cha mdogo wangu wa kike mpaka juu, wakakitoboa mahali pengi. Burundi si nchi ya kuchezea mbu. Mwezi wa Machi mwaka 2017 serikali ilitangaza kwamba malaria imekuwa janga la nchi nzima. Mdogo wangu aliugua malaria majuma machache baada ya chandarua kutoboka. Hakuna awezaye kusema ni mbu yupi aliyemwuma, au wapi, lakini baba alisema, “Ama chandarua, ama paka. Chagueni.” Nikamwomba, “Baba, tupe siku saba.”

Katika siku hizo tulifanya mambo matatu. Tulishona matundu yote kwa uzi. Kila asubuhi tulikunja vyandarua, tukavifunga juu kwa kamba, na usiku tukachomeka ncha zake chini ya godoro. Tena tulisimamisha gogo lenye maganda makavu karibu na dirisha, ili paka wawe na mahali pao pa kupanda na kunoa kucha. Tuliwakata pia ncha za kucha, ile sehemu nyeupe tu, bila kugusa nyama nyekundu ya ndani. Siku ya saba baba alikagua vyandarua kimoja kimoja kwa tochi. Hakusema neno, lakini paka walibaki.

Tulipohamia Muyinga kwa njia ya Karuzi, tuliwachukua ndani ya kapu lenye kifuniko. Paka huijua nyumba kwa harufu aliyoipaka mwenyewe kwa mashavu yake. Ukimpeleka mahali pageni na kumwacha wazi, huweza kutoroka akitafuta kwao. Tuliwafungia chumba kimoja majuma mawili pamoja na tambara lao la zamani, na hawakupotea.

Lakini Muyinga ndiko tulikompoteza Karani. Jirani mmoja alitega sumu ya panya ghalani mwake. Hakuwa na nia mbaya. Alilinda maharagwe yake kama sisi tulivyolinda yetu. Sumu nyingi za panya huzuia damu isigande. Panya aliyekula hafi papo hapo, bali hutembea siku kadhaa akiwa mnyonge, na paka humkamata kwa urahisi. Karani alikuja nyumbani amelegea, ufizi wake umekuwa mweupe, na damu ikimtoka puani. Kuna dawa, nayo ni vitamini K, lakini huhitaji mganga wa mifugo mapema. Alikufa kabla ya jua kuchwa. Baada ya hapo baba alikwenda kuzungumza na majirani, wakapatana kutumia mitego ya waya na paka badala ya sumu.

Tusisahau afya ya watu. Paka huweza kupata kichaa cha mbwa. Ukiumwa au kuparuzwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yatiririkayo kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku ile ile uchanjwe, maana dalili zikisha kuonekana karibu hakuna aponaye. Mama mjamzito asizoe kinyesi cha paka, kwa sababu kina vijidudu viwezavyo kumdhuru mtoto tumboni.

Basi, ndugu wasomaji, anayetaka paka na ajue anapokea mwindaji mdogo aliye shuleni. Ampe chakula cha nyama au samaki, mahali pa kupanda, mchezo jioni na chanjo kwa wakati. Afunge chandarua chake asubuhi. Na kabla ya kutega sumu, aulize kwanza kama jirani yake ana paka.