Je, Wajua? Vituko vya 2,147,483,647

Je, wajua kwamba 2,147,483,647 haigawanyiki kwa chochote ila 1 na yenyewe? Ni namba tasa, jamii moja na 3, 7 na 13 ulizofundishwa darasani, ila hii ina tarakimu kumi!

Wataka kuipata mwenyewe? Tarehe 1 Januari tia shilingi moja kwenye kibubu, tarehe 2 tia mbili, tarehe 3 tia nne, kila siku mara mbili ya jana. Tarehe 31 (kama hujafilisika!) vunja kibubu: zimo shilingi 2,147,483,647, hata senti haizidi. Tasa za mtindo huu huitwa za Mersenne, jina la mtawa mmoja Mfaransa, na hii ni ya nane.

Aliyethibitisha kuwa ni tasa ni Mswisi Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa St. Petersburg. Kompyuta hakuna, kikokotoo hakuna, na macho yake karibu yamepofuka! Ujanja wake? Alionyesha kwamba tasa yoyote ya kuigawa namba hii, yenyewe ukiigawanya kwa 248, lazima ibakize 1 au 63. Kama ingegawanyika, mojawapo ya tasa hizo ingekuwa chini ya 46,341; chini ya hapo kuna tasa zaidi ya 4,000, lakini zenye sifa hiyo hazifiki hata mia. Zote zikagonga mwamba.

Tulia, bado! Wajua namba timilifu? Vigawo vyake, ukiiacha yenyewe, vikijumlishwa vinairudisha: 1+2+4+7+14 ni 28. Sasa izidishe tasa yetu kwa 1,073,741,824. Unapata 2,305,843,008,139,952,128, nayo ni timilifu! Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliandika kwamba haitapatikana timilifu kubwa zaidi, maana hazina faida, nani atahangaika? Maskini Barlow. Leo zinajulikana nyingine zaidi ya 40 zinazoipita.

Hii sasa ishike vizuri. Kompyuta nyingi huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, na zile za biti 32 kikomo chake ni namba hii hii. Sekunde hizo zitatimia Jumanne, 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki. Sekunde inayofuata, mashine isiyorekebishwa itadhani ni Desemba 1901! Usije ukasema hukuambiwa.

Na unaukumbuka wimbo Gangnam Style wa PSY, yule Mkorea? Desemba 2014 idadi ya mara ulizotazamwa ilipita kikomo hicho, YouTube wakaongeza uwezo wa kaunta yao hadi 9,223,372,036,854,775,807. Namba ya kutisha, sivyo? Lakini tasa si tasa! Igawanye kwa 7 uone: 1,317,624,576,693,539,401, na hakibaki kitu.